Seli hazijafa, kaka: mwanga wa kimulimuli unapima nini hasa unapopima NAD

Kuna dogo mmoja anafanya utafiti wa masters hapa Mbeya, anapima NAD, kikemikali kidogo kilichomo ndani ya seli, alinitumia meseji saa nne usiku mwezi wa saba, "Shikamoo kaka, seli zangu zote zimekufa, mashine inasoma kidogo mno, naomba msaada." Wiki hiyohiyo kwenye grupu la familia shangazi katuma picha ya kopo la vidonge vya NAD anauliza kama kweli vinarudisha ujana, maana kuna mtu anapita navyo nyumba kwa nyumba, na binamu yangu ambaye hajui kunyamaza akajibu kwamba NAD inapimwa kwa mashine ya mwanga, ukitoa mwanga mkali una afya, ukitoa hafifu ndo unaelekea. Msomi na binamu, mmoja ana digrii mwingine ana bando, wamejikwaa jiwe moja. Wote wanadhani namba ya mwanga ndo NAD yenyewe.

Siyo. Na ili tuelewane inabidi tuanzie chini kabisa.

Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi ya fundi ndani ya seli, inakata, inaunga, inageuza kitu hiki kuwa kile, alafu yenyewe inabaki kwa ajili ya kazi nyingine. Koenzaimu ni kitu kidogo zaidi, siyo protini, ila kuna mafundi ambao bila hicho mkononi wanakaa tu wanapiga stori. NAD ni mojawapo ya koenzaimu hizo na kazi yake kubwa ni kubeba elektroni kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kwa mtu wa Mbeya nasemaga hivi, NAD ni bajaji. Bajaji tupu inaitwa NAD, ikishapakia abiria, yani elektroni, inaitwa NADH. Sukari ikivunjwa ndani ya seli ni kama watu wanapanda Uyole, wanashushwa Mwanjelwa ambako ndo kuna mitokondria inayotengeneza nishati, alafu bajaji inarudi tupu kupakia tena. Kwenye kazi hii ya kubeba ni bajaji ileile, haiongezeki wala haipungui, inazunguka tu. (Kuna ndugu yake anaitwa NADP, umbo linafanana ila ana ruti yake na mafundi wake, tusimchanganye humu.)

Kwaiyo mtafiti anataka kujua vitu viwili. Bajaji ziko ngapi kwa jumla, na kati ya hizo ngapi tupu na ngapi zimebeba. Seli ya kawaida ina tupu nyingi kuliko zilizobeba, na ina maana, kituo ambacho bajaji zote zimejaa na hakuna pa kushusha kimeshasimama. Likumbuke hili la tupu kuwa nyingi maana litaturudia.

Na usidhani ni mambo ya wazungu na maabara tu. NAD inatengenezwa kutokana na vitamini B3, au mwili unaitengeneza kwa njia ndefu kutoka kwenye protini, kwenye kipande kinaitwa triptofani. Sasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini ni watu wa mahindi, na mahindi yana tabia mbaya mbili: B3 yake imejifunga kiasi kwamba tumbo haliipati vizuri, na triptofani yake ni kidogo. Ugali ukiwa na maharage, karanga au dagaa hakuna shida kabisa. Ugali mtupu mwezi baada ya mwezi ndo unaleta pelagra, ngozi inakuwa nyeusi na kubabuka sehemu zinazopigwa jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Mwaka 1990 hapo jirani Malawi wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya elfu 18 walipata pelagra, na kilichobadilika ni kwamba karanga ziliacha kuja kwenye mgao wa chakula. Karanga tu! Wamarekani wa majimbo ya kusini nao waliteseka na huu ugonjwa miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wakidhani unaambukiza, mpaka daktari Joseph Goldberger akaonyesha ni chakula, na mwaka 1937 mwanakemia Conrad Elvehjem akabaini kwamba asidi ya nikotini, ambayo ndo hiyohiyo B3, inaponya ugonjwa wa aina hiyo kwa mbwa.

Haya, vimulimuli.

Kimulimuli anawaka kwa sababu ana kimeng'enya kinaitwa lusiferesi, kinachukua kitu kinaitwa lusiferini, kinakichanganya na oksijeni na ATP, ambayo ndo nishati ya seli, alafu mwanga unatoka wa njano-kijani. Habari ya ATP aliigundua William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1947, na ili apate wadudu wa kutosha alikuwa anawalipa watoto wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli 100. Saivi hakuna anayekimbizana na wadudu, jeni ya lusiferesi ilishapatikana miaka ya 80, bakteria ndo wanazalisha.

Umeona lakini? Kwenye hiyo orodha NAD haipo. Kimulimuli hatumii NAD kuwaka, anatumia ATP. Hapa ndo wengi wanapotea. Kwaiyo wataalamu walifanya ujanja. Walichukua lusiferini wakaifunga kufuli, ikawa haiwezi kuwaka hata ufanyeje. Alafu wakaweka fundi mwingine anaitwa ridaktesi ambaye ufunguo wake ni NADH. Kila bajaji iliyobeba ikija inashusha abiria, kufuli moja linafunguka, lusiferini moja inakuwa huru, lusiferesi inaiwasha. Na ile bajaji iliyobaki tupu kuna fundi wa tatu anaipakia upya irudi kufungua kufuli lingine. Ndo maana hata NAD tupu nazo zinahesabika, zinapakiwa humohumo.

Kwaiyo kuna mlolongo, NAD inapakiwa, inafungua lusiferini, lusiferesi inawasha, mashine inasoma. Namba unayoiona iko mwisho wa foleni yote hiyo.

Sasa hapa nataka utulie kidogo maana ndo moyo wa habari. Fikiria banda la chipsi pale Kabwe. Viazi vimejaa magunia, si unajua viazi kwetu siyo tatizo, mafuta debe zima, gesi mtungi mpya, mayai trei moja tu. Mwisho wa siku ukihesabu sahani za chipsi mayai zilizouzwa unaweza kusema mayai yalikuwa mangapi, hata kama hukuyaona. Kwanini? Kwa sababu mayai ndo yalikuwa haba, vingine vyote vilikuwa vya kumwaga. Lakini siku gesi ikiisha saa nane mchana, sahani zile hazikwambii tena kuhusu mayai, zinakwambia kuhusu gesi. Na wewe usiyejua gesi iliisha utasema kwa ujasiri kabisa "mayai yalikuwa machache leo".

Kipimo chote cha mwanga ni hilo banda. Mwanga unapima kile kilicho haba. Kwenye boksi la vitendanishi, yani kemikali za kupimia NAD, wamejaza ATP nyingi, lusiferini iliyofungwa nyingi, lusiferesi nyingi, ili kilicho haba kiwe NAD peke yake. Mashine ya aina hiyohiyo ya kusoma mwanga inatumika kupima usafi viwandani, wanapangusa meza au bomba la maziwa alafu wanasoma, pale wamejaza lusiferini iliyo huru na kilicho haba ni ATP ya uchafu. Mwanga uleule, lusiferesi ileile, jibu tofauti, kwa sababu haba ni tofauti. Kwaiyo kipimo kikigoma swali unalojiuliza siyo "seli zimefanyaje", ni "nini kingine kimekuwa haba bila mimi kujua".

Turudi kwa dogo. Nikamuuliza kitu kimoja tu, stendadi zimesomaje? Stendadi ni zile tyubu ambazo unaweka NAD ya kununua, kiasi unachokijua mwenyewe, unazipanga kwenye pleti hiyohiyo (kisahani chenye vishimo vidogo tunavyoita visima) pamoja na sampuli ili uwe na kitu cha kulinganishia. Akasema, "Sijaziangalia kaka, nimeangalia za seli tu." Ziangalie. Kimya. Alafu, "Nazo ziko chini." Nikamwambia mdogo wangu, NAD ya kwenye chupa haina seli ndani yake, sasa imekufaje?

Hiyo ndo hatua ya kwanza na inaokoa usingizi wa watu wengi. Stendadi zikiwa chini, tatizo liko kwenye vitendanishi, joto, muda au mashine, seli hazihusiki usizisingizie. Stendadi zikiwa safi na sampuli ziko chini, ndo unaanza kuzihoji sampuli.

Nikamuuliza maabara yako ina nyuzi ngapi asubuhi. Akacheka. Akaenda kuangalia kesho yake saa mbili, 13. Karatasi ya maelekezo inasema acha vitendanishi vifike joto la chumba alafu changanya, na dogo kaacha kweli, dakika thelathini mezani kama ilivyoandikwa. Ila yule aliyeandika karatasi chumba chake kina nyuzi 22 mpaka 25, hajawahi kukaa Mbeya mwezi wa saba na dirisha halifungi vizuri. Joto la chumba la huku kwetu asubuhi ni joto la friji mbovu. Vimeng'enya kwenye baridi vinafanya kazi kwa kujivuta, bajaji ileile iliyotakiwa kwenda tripu kumi inaenda nne, na baada ya nusu saa mwanga uko chini kwa kila kitu, stendadi, sampuli, vyote. Hapo kilicho haba siyo NAD, ni joto. Kwa lugha ya banda letu, gesi iliisha. Na watu wa Makete na Njombe ambako kuna asubuhi baridi inauma kuliko hapa, sijui hata niwaambie nini.

Basi ukimwambia mtu baridi ndo mchawi anakimbilia kuweka pleti kwenye nyuzi 37 kama za mwili. Hapana tena. Lusiferesi ya kimulimuli asilia joto hilo linaichosha haraka, inapoteza nguvu ndani ya dakika, na hata rangi ya mwanga inahama kwenda wekundu, na mashine nyingi macho yao kwa wekundu ni hafifu. Zile za kwenye maboksi ya siku hizi zimeboreshwa ziwe ngumu ila maelekezo yao bado ni joto la chumba. Dogo alitafuta boksi la thermokoli, akaweka chupa ya maji ya vuguvugu ndani na kipimajoto, akaishika kwenye 23. Siyo teknolojia ya kujivunia ila inafanya kazi.

Jambo la muda nalo linafanana na hilo. Kwa sababu bajaji inarudia tripu, mwanga unaendelea kupanda kadri unavyosubiri, siyo namba inayotulia. Ukihesabu abiria walioshuka Mwanjelwa saa moja na ukihesabu saa mbili utapata namba mbili kwa bajaji zilezile. Kwaiyo anayeweka kitendanishi kisima kimoja kimoja kwa pipeti huku anajibu simu, kisima cha kwanza kimeanza safari dakika 20 kabla ya kisima cha mwisho, alafu anashangaa safu ya juu inang'aa kuliko ya chini. Weka haraka, mwendo mmoja, soma kwa dakika ileile kila siku, na stendadi za jana haziwezi kuhukumu sampuli za leo. Yani hilo la mwisho watu wanalivunja kila siku ili kubana vitendanishi, na naelewa maana bei ni kubwa, ila unachookoa kwenye hela unakipoteza kwenye majibu.

Kama umeme umekatika usiku na friza imeyeyusha na kugandisha tena, usishangae, vitendanishi vya hivi havipendi hayo. Povu kwenye kisima litoe. Pleti iwe nyeupe siyo ile angavu, maana kwenye angavu mwanga wa jirani unavuka ukuta, na hiyo nyeupe ikikaa juani inameza mwanga kisha inautoa polepole kwaiyo ipumzishe gizani dakika kadhaa kabla ya kusoma.

Dogo akarudia kwa joto sahihi. Stendadi zikanyooka kama reli ya Tazara. Akafurahi, akanipigia, "Kaka imekubali, ila NAD na NADH zangu zinalingana." Zinalingana? Kumbuka nilichosema, tupu huwa nyingi kuliko zilizobeba. Zikitoka sawasawa kuna kitu.

Hapa inabidi nieleze zinatenganishwaje, maana mlolongo wenyewe hautofautishi, unapakia kila bajaji tupu kisha unahesabu zote. Ujanja ni wa kikemia na ni mzuri sana. NADH, iliyobeba, haivumilii asidi. NAD tupu haivumilii alikali ukiipasha moto. Kwaiyo sampuli moja unaigawa mbili, nusu unatia asidi unapasha nyuzi 60 kwa dakika 15, zilizobeba zinakufa zinabaki tupu. Nusu nyingine unaiacha kwenye alikali, nyuzi 60 dakika 15, tupu zinakufa zinabaki zilizobeba. Alafu unarudisha zote katikati, zisiwe kali upande wowote, ndo unapima. Kusahau hiyo ya kurudisha katikati ni kosa la kila mgeni, asidi inabaki, lusiferesi inadorora, na unatangaza matanga ya seli nzima.

Sasa zingatia tofauti moja ndogo. Asidi inaua zilizobeba hata bila moto mwingi. Ila alikali bila moto haiui tupu, zinaishi tu zinakutazama. Kwaiyo kama moto haukufika, tyubu ya asidi inasoma vizuri na tyubu ya alikali inasoma bajaji zote, tupu na zilizobeba, ndo zinalingana hivyo. Nikamwambia kachukue kipimajoto utumbukize kwenye yale maji ya kupashia. Taa inawaka, kioo kinaandika 60, kipimajoto kikasema 41. Mashine ilikuwa inadanganya tangu lini hakuna anayejua, na kuna watu wawili kabla yake walishaitumia na kuondoka na majibu yao. Hilo la pili ndo lilinifanya nikae chini.

Kuna vipimo viwili vidogo ambavyo ningelazimisha kila mtu afanye kabla hajaandika ripoti. Cha kwanza, punguza sampuli kwa nusu kisha upime tena. Mwanga usiposhuka nusu, basi uko nje ya njia, mara nyingi umeweka seli nyingi mno mpaka mafundi wamezidiwa, na hapo mwanga mkali ndo unadanganya. Cha pili, chukua sampuli inayosoma chini, ongeza ndani yake NAD kiasi unachokijua. Kama haikupanda kwa kiasi hicho kuna kitu ndani ya sampuli kinazima mwanga, inaweza kuwa dawa unayoifanyia utafiti, maana zipo dawa zinazoikaba lusiferesi yenyewe na mtu akaripoti dawa inaua seli kumbe inaua taa. Kinyume chake kama blanki, kisima kisicho na seli, kinang'aa, tafuta kama umetumia maji yenye dawa za kupunguza oksidi kama DTT, hizo zinafungua kufuli la lusiferini bila kusubiri bajaji.

Sasa binamu. Mwanga huu siyo mionzi kama ya eksirei, haudhuru mtu, ni mwanga kama wa kimulimuli usiku wa mvua tu. Na hakuna mtu "anayetoa mwanga", mwanga unatoka kwenye kisima, na namba yake ukiitoa kwenye mashine hii ukaipeleka nyingine inabadilika kabisa, bila stendadi haina maana yoyote, ni kama kusema nyumba ina urefu wa hatua kumi bila kusema za mtoto au za mtu mzima. Wala NAD nyingi siyo tiketi ya afya, seli za saratani nazo zinaitaka nyingi.

Na shangazi. Shangazi, NAD yenyewe ukiimeza utumbo unaivunjavunja kabla haijafika popote. Vingi vinavyouzwa kwa jina hilo ni malighafi zake, jamaa za B3, na ni kweli majaribio ya watu yameonyesha vinaweza kupandisha NAD kwenye damu. Ila kupandisha NAD na kurudisha ujana ni safari mbili, ya pili haijathibitishwa kwa binadamu. Hela hiyo nunua karanga za Songwe ule na ugali.

Dogo kapima mara ya tatu wiki iliyopita, maji ya kupashia yako 60 ya kweli, chumba 23, stendadi zimenyooka, NAD juu NADH chini kama inavyotakiwa, na kwenye visima vilivyowekewa dawa yake NAD imeshuka wazi kabisa ukilinganisha na visivyowekewa. Akatuma grafu na ujumbe, "Kaka saivi dawa imepunguza NAD kweli eeh?"

Nikamuuliza umehesabu seli ngapi zimebaki kwenye kila kisima, maana seli zikiwa nusu NAD nayo itakuwa nusu hata kama kila seli ina yake kamili.

Alikaa kimya kama dakika kumi. Alafu akaandika, "Narudi maabara."